Akifungwa, data huisha: nimfanyeje rafiki yangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 26, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, na riziki yangu ni kuuza vifaa vya simu. Pamoja na kazi hiyo naendesha ligi ya eFootball, ile ya kuchezwa kwenye simu. Tuko wachezaji 16. Wengi ni wa mjini, Langoni na Mkomani. Wawili ni wa Shela, mmoja yuko Mokowe, na watatu wako kisiwani Pate, wawili Faza na mmoja Kizingitini. Kila mtu hutoa shilingi 100 mwanzo wa ligi na bingwa huzichukua zote. Mechi zetu ni za usiku, watu wakishaswali Isha. Mshindi hupiga skrinshoti ya matokeo akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, nami nayaingiza kwenye jedwali.

Shida yangu ni rafiki yangu. Tumesoma chuo cha Kurani pamoja tukiwa wadogo, nyumba zetu zinatazamana, na nilipofungua duka yeye ndiye aliyenikopesha pesa za kuanzia, ambazo bado sijamaliza kumlipa. Kucheza anajua, hilo hakuna anayelipinga. Lakini hakubali kufungwa. Akiwa nyuma na dakika zinayoyoma, mechi hukatika. Baada ya muda huja kwenye kundi: "Bando limeniishia." Siku nyingine: "Stima zimepotea huku kwetu." Nami niko mtaa huo huo, Shangazi, na taa zinawaka. Kisha hudai mechi irudiwe kuanzia sufuri kwa sufuri, na kwenye marudio mara nyingi hushinda. Mimi kama msimamizi nimekuwa nikimkubalia.

Akishinda sasa, kundi zima halilali. Hutuma skrinshoti, akafuatisha stika za watu wanaolia, halafu ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine. Hata ndani ya mechi, akifunga haruki marudio ya bao. Mwenzake akae atazame alivyofungwa, mwanzo hadi mwisho.

Juzi mambo yaliharibika. Alikuwa anacheza na yule kijana wa Kizingitini, mtoto wa mvuvi, mpole, hana maneno mengi. Kijana alikuwa anaongoza mbili bila. Dakika ya 78 mechi ikakatika. Rafiki yangu akadai mtandao wa Kizingitini ndio mbovu, irudiwe. Kijana akajibu kwa heshima kwamba kwake mtandao haukukatika. Hapo rafiki yangu akarekodi sauti akiigiza wanavyosema watu wa huko, akawacheka, akamalizia kwa kumtukania mama yake. Kijana hakujibu neno. Alitoka kwenye kundi. Wale wawili wa Faza wananiambia nao wanafuata.

Sasa wenzangu wa mjini wamekuja na pendekezo: mechi ikikatika, aliyekatika amefungwa tatu bila, hakuna cha udhuru. Karibu wote wanaikubali. Mimi naona watakaomalizwa na sheria hiyo ni hao wa Pate, maana kwao mtandao kweli hupotea. Wengine wanasema nimfukuze rafiki yangu. Nilipomgusia akaniambia, "Ni gemu tu, yakhe. Hata wazungu hutukanana humo." Nimfanyeje? Na hiyo sheria niipitishe?

Msimamizi wa ligi, Langoni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kijana wa Kizingitini, kwa sababu katika maswali uliyoniuliza yeye hayumo, na ndiye aliyeumizwa. Umeuliza umfanyeje rafiki yako, umeuliza kuhusu sheria. Mtoto wa watu ametukaniwa mama mbele ya watu 15, akatoka bila kurudisha tusi, na mpaka unaniandikia sioni kama kuna hata mmoja wenu aliyempigia simu. Mpigie leo. Usimwandikie ujumbe, mpigie asikie sauti yako. Mwambie: mimi ndiye msimamizi, umetukanwa ndani ya nyumba ninayoiendesha, na nilipaswa kusema neno pale pale. Nisamehe. Basi. Usimwombe arudi kwenye kundi katika simu hiyo hiyo, atadhani umempigia kwa ajili ya ligi yako. Mwulize hali ya nyumbani, msalimie mama yake kwa heshima zote, ukate.

Kumtukania mtu mama pwani hii hakujawahi kuwa sehemu ya mchezo wowote. Nitalisema hili bila kuzunguka. Na kuigiza lafudhi ya mtu ili acheke watu ni ubaya wa pili juu ya wa kwanza, kwa sababu hapo hakumtukana mchezaji mmoja, aliwatukana Faza na Kizingitini nzima, na hao wawili wa Faza wamelisikia hivyo hivyo. Wana haki ya kutaka kuondoka. Familia ngapi za hapo mjini zina jamaa upande wa Pate? Huenda hata rafiki yako anao.

Utani ninaujua na ninaupenda. Pita Mkunguni mbele ya ngome, wakati wazee wanacheza bao, usikilize. Anayekosea kupiga kete hapewi nafasi ya kupumua, kila aliyesimama ana lake la kumwambia. Lakini sikiliza vizuri wanachomtania. Wanamtania mkono wake, macho yake yaliyokosa kuona nyumba iliyokuwa wazi, na yale majivuno yake ya jana. Wanatania uchezaji. Na anayetaniwa yupo, anaweza kujibu, na kesho yake atakuwa yeye anayemtania mwingine. Ukisema "beki wako amelala usingizi wa mchana" umetania. Kijana wa Kizingitini angecheka. Ukiingiza mama, kabila, kisiwa, umaskini wa mtu, au namna anavyotamka maneno, umeshatoka kwenye mchezo. Mpaka huo si mgumu kuuona, na watu wa Lamu wamelelewa wakiujua. Ajabu ni kwamba tukishika simu tunajifanya hatukulelewa.

Labda ni kwa sababu humwoni uso. Barazani ungeona macho ya mwenzio yanavyobadilika ukanyamaza mwenyewe. Kwenye simu unaona jezi zinakimbia na jina la bandia juu ya kioo. Mtu mwenye jina hilo ametoka kazini, amenunua bando kwa pesa yake, ameketi apate burudani ya nusu saa. Mechi ikikatwa kwa makusudi, ameibiwa hiyo nusu saa na bando lake.

Hiyo hoja ya "hata wazungu hutukanana" haina uzito. Kweli matusi yapo kwenye gemu duniani kote. Lakini wako pia wachezaji na watengenezaji wanaoyakataa. Walipotengeneza FIFA 21, iliyotoka mwaka 2020, EA waliiondoa ile shangwe ya mchezaji kuweka kidole mdomoni kumnyamazisha mwenzake, kwa sababu waliona inatumiwa kuudhi watu. Kidole tu, cha mchezaji wa kuchorwa! Na ukienda kwa wachezaji wa StarCraft, gemu ya mwaka 1998 ambayo Korea Kusini waliifanya karibu mchezo wa taifa, utakuta desturi nzuri sana: anayeona ameshindwa huandika herufi mbili, gg, akikiri kwamba mchezo ulikuwa mzuri, ndipo anatoka. Mshindi hatakiwi kuziandika kabla yake, maana itakuwa kama anamfukuza. Kwenye sataranji vilevile mtu anaruhusiwa kukubali ameshindwa kabla ya mwisho na hakuna anayemlaumu. Anayelaumiwa ni yule anayeacha saa yake iende mpaka iishe huku yeye amekwenda zake, kusudi mshindi akae akisubiri. Kuondoka kunaweza kuwa na adabu. Anachokosa rafiki yako ni kukubali kwanza.

Sasa hiyo sheria ya tatu bila. Usiipitishe, hata wakipiga kura wote wa mjini.

Umeona mwenyewe nani ataumia. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kusubiri: mtandao ukipotea sekunde kumi, ujumbe hukaa, ukirudi huondoka, na hakuna atakayejua kulitokea nini. Mechi haina subira hiyo. Kila pasi inatakiwa kufika upande wa pili ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kukatika kwa muda mfupi tu kunatosha kuivunja. Kwa hiyo mtu wa Kizingitini anaweza kuwa na mtandao wa kutosha kutuma picha na sauti siku nzima, na bado mechi ikamvunjikia bila kosa lake. Ukimpa adhabu ya tatu bila, unamwadhibu kwa mahali alipozaliwa. Na huyo mwenye mtandao mzuri wa mjini, aliyeizoea hila, atatafuta hila nyingine.

Nitakupa kisa cha kweli. Desemba 2012, kule Burlada, katika jimbo la Navarra nchini Uhispania, Mkenya mwenzetu Abel Mutai alikuwa anaongoza mbio za nyika. Miezi michache kabla alikuwa amepata medali ya shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya London. Karibu na mwisho alidhani ameshavuka mstari, akapunguza mwendo, kumbe bado. Nyuma yake alikuwa Mhispania Iván Fernández Anaya, ambaye angeweza kumpita kwa urahisi. Hakumpita. Alikaa nyuma yake akimwelekeza mpaka Mutai akamaliza wa kwanza. Alijua kwamba aliyekuwa mbele alikuwa amekosea mstari tu, nguvu za kushinda alikuwa nazo. Mchezaji wa mjini anayeshangilia pointi tatu kwa sababu mtandao wa Faza umepotea usiku huo angempita Mutai pale pale.

Fanyeni hivi. Mechi ikikatika, matokeo yanabaki yalivyo na dakika inaandikwa. Hakuna kurudi sufuri kwa sufuri, kwa yeyote, kwa sababu yoyote. Mkianza tena mnacheza dakika zilizobaki tu. Ikiwa ilikatika dakika ya 70, mnafungua mechi mpya, saa ya mchezo ikifika 20 mnasimama, mabao mnayajumlisha na ya kwanza. Kila mmoja apige skrinshoti wakati wa mapumziko, ili isije ikawa neno la huyu dhidi ya la yule. Utaona ajabu: hila ya kukata data itakufa yenyewe, maana haitakuwa na faida. Aliye nyuma mbili bila akikata, anarudi akiwa nyuma mbili bila.

Na weka daftari. Andika kila mechi iliyokatika, nani alipotea, alikuwa anaongoza au anafungwa, dakika ya ngapi. Mtandao mbovu haujui nani anaongoza. Utamkatikia mtu akiwa mbele, akiwa nyuma, na dakika ya tano pia. Ukiona jina moja ambalo hukatika tu likiwa nyuma, na daima mwishoni, hapo huhitaji kwenda kuchungulia taa za mtu. Unalo kwenye karatasi. Kwa huyo, na kwa huyo peke yake, wekeni adhabu mtakayopatana.

Mengine madogo ya kuwasaidia wenye mtandao dhaifu: waruhusiwe kuchagua saa ya mechi, kwa sababu baada ya Isha ndipo kila mtu yuko mtandaoni, na alfajiri huenda ikawa shwari zaidi. Wazime programu zinazojisasisha zenyewe chinichini. Na wote wajue kwamba simu ikipigwa katikati ya mechi, baadhi ya simu hudumaza data au kuikata kabisa. Hilo nalo si uongo wa mtu.

Kuna jambo hukuniuliza nami nitalisema. Hizo shilingi 100 za watu 16 ni 1,600 zinazokwenda kwa mmoja. Watu wakichanga na mshindi akazoa, ninyi ni vijana wa chuo, mnajua inakaribia kitu gani. Mimi si wa kutoa fatwa. Mwendeeni ustadhi wenu mumwulize kabla ya msimu ujao. Ninachoweza kusema kwa ushangazi wangu ni kwamba pesa ndizo zimeutia uchungu mchezo wenu. Mtafuteni mwenye duka anayeweza kutoa jezi moja au mpira wa kweli uwe zawadi. Mtacheka zaidi.

Basi tumfikie rafiki yako.

Nimesoma barua yako mara ya pili nikaona hilo deni la duka umelitaja upesi na kulipita. Mwanangu, deni la pesa hulipwa kwa pesa. Wewe umekuwa ukilipa kwa mechi za watu wengine. Kila ulipokubali irudiwe sufuri kwa sufuri, kuna mtu aliyenyang'anywa ushindi wake ili wewe usimuudhi anayekudai. Kwa hiyo kabla hujazungumza naye mambo ya ligi, nenda na kiasi ulicho nacho, hata kidogo, umpe, na mpatane tarehe za kilichobaki. Ukiwa umeshalifunga hilo utaweza kumtazama machoni.

Kisha siku nyingine, mkitoka msikitini, mtembee pwani wawili. Usimwite barazani mbele ya watu. Mtu anayeshindwa kuvumilia kufungwa kwenye simu hatavumilia kuaibishwa hadharani, atapigana. Usimtake akiri kwamba bando halikuisha. Atakana, mtaishia kubishana kuhusu taa za usiku fulani na jambo lenyewe litapotea. Mwambie uliyoyaona wewe: "Mimi nilikubali mechi zako zirudiwe na sikuwatendea haki wengine. Kuanzia leo sirudii. Sheria ni hii, ni ya kila mtu, na mimi wa kwanza." Mpe muda ameze.

Baada ya hapo mwambie la kijana wa Kizingitini, na hapa usilegee. Ampigie simu amwombe radhi. Halafu aombe radhi kwenye kundi, kwa sauti yake, kwa sababu tusi lilikuwa kwenye kundi na kwa sauti yake. Asiseme "kama nimemkosea mtu." Aseme nilimtukania mama yake, niliwacheka watu wa kwao, nilikosea. Akikataa, msimu huu hachezi. Sikwambii umfukuze maisha, na urafiki wenu uendelee. Mwendee, kula kwao, mzike mzazi wake akifiwa. Ligi ni ya watu 16. Mkumbushe pia kwamba sauti aliyoirekodi iko kwenye simu za watu wote hao, na kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, inayogusa hata unyanyasaji wa maneno. Sidhani kijana yule atakwenda polisi. Lakini rafiki yako ajue kwamba alichokisema hakikuishia hewani.

Nawe kwenye kundi uandike kanuni mbili tatu fupi, bila hotuba: utani ni wa uchezaji tu; marudio ya bao yanarukwa; anayefungwa anasema pongezi na mshindi anashukuru kabla ya kutuma skrinshoti. Anayevunja, anatolewa kwenye kundi siku kadhaa. Ukishaandika, uzitekeleze siku ile ile ya kwanza zitakapovunjwa, awe ni nani.

Imebaki ile mechi yenyewe. Ilisimama dakika ya 78, mbili bila, Kizingitini mbele. Kijana akikubali kurudi, zichezwe dakika 12 zilizobaki, saa atakayoichagua yeye, nawe ukae kando ya rafiki yako na simu yake ikiwa na chaji na bando. Kijana akisema hataki tena, usimbembeleze. Pointi tatu za mechi hiyo ziandike kwa jina lake, na shilingi 100 zake umrudishie siku hiyo hiyo.